Kukoroma Kunakokata Pumzi: Mashine Ikishanunuliwa, Kazi Ndiyo Inaanza

Katika vikundi vingi tunavyotembelea kuna mwanachama ambaye mkutano ukifika nusu saa ameshalala. Wenzake wanamgusa kwa kiwiko, watu wanacheka, mwenyekiti anaendelea na ajenda. Baadaye majina yanamshika: mvivu, mlevi, mtu asiyejali mambo ya kikundi. Si kila anayesinzia ni mgonjwa. Mikutano mingine ni mirefu, na mahubiri pia. Lakini mtu anayelala kila mahali anapoketi, ndani ya matatu, kwenye foleni ya dispensari, hata akiwa na kikombe cha chai mkononi, na usiku anakoroma mpaka jirani anasikia, huyo anafaa kusaidiwa wala si kuchekwa.

Tunaandika habari hizi kwa sababu ya swali ambalo vikundi vimetuuliza: mbona tulichanga pesa nyingi tukamnunulia mwenzetu mashine ya kupumulia, na sasa imefungwa kwa karatasi chini ya kitanda? Swali hili si la pesa. Ni swali la wiki chache za kwanza, ambazo watu wengi hawajaambiwa jinsi zilivyo ngumu.

Usiku kunatokea nini?

Tukilala, misuli ya mwili hulegea, hata ile inayoshikilia ulimi na koo. Kwa watu wengi hilo halina shida. Kwa wengine njia ya hewa nyuma ya ulimi inakuwa nyembamba, hewa inapita kwa taabu, na nyama za koo zinatetemeka. Hiyo ndiyo sauti ya kukoroma. Ikizidi, njia inajifunga kabisa. Kifua kinavuta, tumbo linapanda na kushuka, lakini hewa haiingii.

Aliyelala kando yake husikia kukoroma kumekatika ghafla. Kimya. Baada ya sekunde 10, au 20, wakati mwingine hata zaidi, mtu anashtuka, anavuta pumzi kwa kishindo kama aliyetolewa majini, na kukoroma kunaanza tena. Ni ubongo uliomwamsha ili asife. Yeye mwenyewe hakumbuki lolote. Asubuhi atakuambia alilala vizuri, ila kichwa kinamgonga na mdomo umekauka.

Madaktari huita ugonjwa huu apnia ya usingizi. Pumzi ikikatika au ikipungua sana mara 5 kwa saa, hapo wanaanza kuhesabu. Ikifika mara 30 kwa saa, ugonjwa ni mkali. Hebu tupige hesabu: mara 30 kwa saa, kwa usiku wa saa 7, ni mara 210. Mtu aliyeamshwa mara 210 usiku mmoja, asubuhi tunamwitaje mvivu?

Madhara yake hayaishii kwa kusinzia. Kila pumzi inapokatika, oksijeni ndani ya damu inashuka, moyo unashtuka na presha inapanda. Mambo hayo yakiendelea miaka mingi, presha inabaki juu hata mchana. Wako wagonjwa wanaomeza dawa za presha tatu kila siku na presha inakataa kushuka. Daktari anayejua kazi yake atauliza pia habari za usingizi. Ugonjwa huu hutembea pamoja na ugonjwa wa moyo, kiharusi na kisukari. Halafu kuna ajali. Tafiti za nchi mbalimbali zimeona kwamba madereva wenye apnia hugongana kama mara mbili zaidi ya wengine, au kupita hapo. Kwetu hapa fikirieni mwendesha bodaboda aliyebeba mama na mtoto mgongoni. Mtu anayesinzia hivyo asishike usukani wala pikipiki mpaka atibiwe, hata kama ndiyo riziki yake. Hilo tunalisema tukijua ni gumu.

Kuna nyumba ambazo watu husema mgonjwa anakabwa na jinamizi, au ametupiwa kitu na jirani. Tumeona mbuzi wakiuzwa kwa sababu hiyo. Anayemkaba ni koo lake mwenyewe.

Ni nani anayeshikwa?

Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulikadiria kwamba karibu watu wazima bilioni 1 duniani wana ugonjwa huu kwa kiasi fulani, na wengi wao hawajui. Unene ndio sababu kubwa, hasa shingo nene. Kikundi chenye fundi wa cherehani kinaweza kutumia futi yake: shingo ya mwanamume ikipita sm 43, au ya mwanamke sm 41, na mtu anakoroma, aende akaonwe. Wanaume hushikwa zaidi, lakini wanawake waliokoma hedhi wanawafuata. Msidhani mtu mwembamba hawezi kuupata. Taya fupi au ulimi mkubwa hutosha. Watoto pia huupata, mara nyingi kwa sababu ya tonsili zilizovimba, na kwao dawa huwa ni kuziondoa tonsili hizo, si mashine.

Pombe inalegeza koo zaidi, na vidonge vya usingizi hali kadhalika. Yule anayekunywa gilasi ya chang'aa ili alale vizuri anajifunga kamba shingoni.

Ukitaka kumsaidia daktari, mwambie mwenzi wa mgonjwa amrekodi kwa simu usiku, dakika mbili au tatu, pale pumzi inapokatika. Nendeni na simu hiyo kwenye kituo cha afya. Presha ipimwe, na mgonjwa aelezee vile anavyosinzia mchana. Kutoka hapo atatumwa mbele. Kipimo chenyewe hufanywa akiwa amelala: hufungwa mkanda kifuani, kidude kidogo cha kupima oksijeni kidoleni na kipira puani. Vipimo vingine ni vya kulala hospitalini, vingine unapewa uende navyo nyumbani kwa usiku mmoja. Hospitali zenye huduma hii si nyingi na kubwa zake ziko Nairobi, basi ni vizuri kupiga simu kwanza. Kama umejiandikisha na SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uliza kabla ya kusafiri ni kipi kinalipwa na kipi utatoa mfukoni.

Mashine hufanya nini?

Watu wengi huiita mashine ya oksijeni. Siyo. Inavuta hewa hii hii ya chumbani, inaichuja, na kuipuliza kwa nguvu kidogo kupitia paipu mpaka kwenye maski. Hospitalini utasikia ikiitwa CPAP, na wenye kuitumia husema sipapu.

Chukueni mfano wa ule mpira laini wa kumwagilia mboga. Maji yakipungua, kuta zake zinashikana na mpira unalala kama utepe. Ukifungulia maji kwa nguvu, unajaa na kusimama. Koo la mgonjwa ni mpira huo, na upepo wa mashine ndiyo maji. Haumpumulii, anapumua mwenyewe. Unazuia tu kuta zisishikane.

Aliyebuni njia hii ni daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, na habari zake zilichapishwa mwaka 1981, zikieleza wagonjwa 5. Kabla ya hapo mgonjwa aliyezidiwa alitobolewa shimo kooni. Mashine za mwanzo zilitumia mota ya kufyonza vumbi, zikipiga kelele, na maski ilibandikwa usoni kwa gundi kila jioni. Watu walikubali kulala hivyo, na hilo linaonyesha walivyopata nafuu. Mashine za leo ni ndogo kama redio ya mezani na sauti yake ni ya feni iliyo mbali.

Haiponyi ugonjwa. Inauzuia usiku ule inapovaliwa. Mgonjwa akiiacha usiku mmoja au mbili, kukoroma na kusinzia kunarudi. Hapo ndipo watu hukata tamaa, kwa maana tumezoea dawa za kumaliza dozi.

Wiki za kwanza

Usiku wa kwanza mara nyingi ni mbaya. Tuseme wazi. Mtu amefungwa kitu usoni, upepo unamsukuma, anahisi kama ametoa kichwa nje ya dirisha la matatu. Anavua saa saba usiku na kuapa hataivaa tena. Asiambiwe kwamba yeye ni mwoga.

Njia inayosaidia ni kuanza mchana. Aketi kitini, awashe mashine, ashike maski usoni kwa mkono tu bila mikanda, huku akisikiliza redio au akizungumza na watu wa nyumbani. Dakika 10 za kwanza, kesho 20. Afunge mdomo avute kwa pua, polepole. Baada ya siku chache afunge mikanda, kisha ajaribu nayo usingizi wa mchana, halafu usiku. Mashine nyingi zina kitufe cha kuanza na upepo mdogo unaoongezeka taratibu mtu akishalala. Muulizeni mhudumu awaonyeshe kabla hamjaondoka kwake, kwa sababu nyumbani hakuna atakayekijua. Akijikuta amevua usingizini, asijilaumu. Avae tena aendelee. Saa 2 usiku wa leo ni bora kuliko sufuri. Nchini Marekani wanaolipia mashine hizi huhesabu kwamba mtu anaitumia vizuri akifika saa 4 kwa usiku, katika siku 7 kati ya 10. Hiyo ni hatua ya kwanza. Lengo ni usiku mzima.

Maski ndiyo huleta vita zaidi kuliko mashine. Kuna ya kufunika pua, kuna ya vipira viwili vya kuingia mlangoni mwa pua, na kuna ya kufunika pua na mdomo. Ile iliyomfaa mwenzako haitakufaa lazima. Hewa ikivuja kwenda machoni, mtu huamka na macho mekundu, na mkono wa kwanza unakimbilia kukaza mikanda. Kukaza sana huleta vidonda juu ya pua na bado hewa inavuja. Maski irekebishwe mtu akiwa amelala chali na upepo ukiwa umewashwa, kwa maana uso unabadilika ukilala. Yale matundu madogo yaliyo mbele ya maski si uharibifu. Ndiyo njia ya kutolea hewa chafu. Kuna aliyeyaziba kwa plasta akidhani anatengeneza! Msifanye hivyo kamwe.

Jambo jingine ni mafuta ya kujipaka. Sisi tumezoea kupaka uso usiku. Mafuta yanafanya maski iteleze na yanaharibu mpira wake. Ajioshe uso kwa sabuni, asipake mahali maski inapogusa. Mama aliyesuka nywele au mwenye kulala na kitambaa afunge kitambaa kwanza, mikanda ipite juu yake.

Pua iliyoziba humshinda mtu kabisa, basi itibiwe. Mdomo ukikauka sana huenda anafungua mdomo usingizini na anahitaji maski ile kubwa. Tumbo likijaa hewa, amwambie mhudumu. Nguvu ya upepo inaweza kupunguzwa. Mambo haya yote yana dawa, lakini dawa yake iko kwa yule aliyeweka mashine, na mgonjwa akiona aibu kurudi ndipo mashine inakwenda chini ya kitanda. Wengine huchangamka siku ya tatu, wengine baada ya mwezi. Huyu wa mwezi ndiye anayehitaji watu.

Tusisahau waliolala naye. Watoto wakimwona baba na mkonga kama wa ndovu wanaweza kuogopa, basi awaonyeshe mchana, waucheze kidogo, waucheke. Mke ambaye kwa miaka 15 amelala akihesabu pumzi za mumewe ana haki ya kulala pia, na mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuipenda mashine. Lakini asigeuzwe polisi wa usiku.

Nyumba zetu: moshi, vumbi na stima

Vitabu vinavyokuja na mashine viliandikwa vikifikiria nyumba nyingine. Kwetu, msiiweke sakafuni penye vumbi. Iwekwe kwenye kigoda au meza fupi, chini kidogo ya kichwa, paipu ipite chini ya neti ya mbu na neti ichomekwe vizuri. Isikae karibu na jiko la kuni wala makaa, kwa sababu inavuta chochote kilicho hewani. Mkiona chujio limekuwa jeusi, mjue ndiyo hewa mliyokuwa mnavuta siku zote. Libadilishwe, au lioshwe kama ni la kuoshwa.

Maski ifutwe au ioshwe kila siku kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, paipu mara moja kwa wiki, vianikwe kivulini. Jua kali linaufanya mpira upasuke. Msitumie Jik wala spiriti. Mashine yenye chombo cha maji cha kulainisha hewa inataka maji yaliyotoneshwa ya kununua. Yakikosekana, yaliyochemshwa na kupoa ni afadhali kuliko ya mfereji, ingawa yataacha ukoko. Yabadilishwe kila siku. Na tafadhali, maji ya fundi wa betri yasikaribie chombo hicho, kwa maana yanaweza kuwa yamechanganywa na asidi.

Stima ikipotea usiku, mgonjwa hafi kwa sababu ya maski. Hewa inapita kwenye matundu na atapumua, ila ataona joto na ataamka. Avue, alale ubavu. Penye kukatika kila mara, betri inafaa. Angalieni maandishi yaliyo chini ya mashine. Tuchukue mashine inayotumia wati 30 bila kupasha maji moto: kwa saa 8 ni wati 30 mara 8, jumla 240. Betri ya volti 12 yenye amp-saa 50 hubeba 600, lakini betri ya asidi haifai kukaushwa kupita nusu, kwa hiyo mna 300. Inatosha usiku mmoja, na solar iijaze mchana. Kupasha maji moto kunakula stima sana, basi usiku wa betri kuzimwe. Waya uwe ule uliotengenezwa kwa mashine hiyo, si wa kuunganishwa na fundi wa redio, na betri isichajiwe pale mtu amelala.

Kikundi kifanye nini?

Bei ya mashine mpya haiko mbali na bei ya ng'ombe wa maziwa, kwa hiyo harambee ni jambo la kawaida. Tunachoomba ni hesabu ya michango isiishie dukani. Maski na vipira vyake huchakaa. Wekeni sehemu ya pesa kando kwa ya pili na kwa nauli ya kurudi kliniki. Muulizeni muuzaji, kabla hamjalipa, kama mgonjwa anaweza kujaribu maski mbili tatu, na kama atapokelewa tena wiki mbili baadaye bila malipo. Muuzaji anayekataa yote mawili, tafuteni mwingine.

Chagueni mtu mmoja, si kamati nzima, amtembelee mgonjwa siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 30. Asiulize "Unaivaa?" kwa maana atajibiwa ndiyo. Aulize jana aliivaa saa ngapi, akaivua saa ngapi, na ni kitu gani kilichomsumbua. Mashine nyingi huandika zenyewe saa zilizotumika, na mgonjwa mwenyewe anaweza kumwonyesha akipenda. Habari hizo zibaki kwa hao wawili.

Kuna kikundi kilichotaka kununua mashine moja izunguke kwa wanachama wawili kama ng'ombe wa zamu. Haiwezekani. Nguvu ya upepo hupimwa kwa mtu mmoja, maski hubeba viini vya mtu mmoja, na ugonjwa hauna zamu. Mashine ya mtumba nayo itazamwe kwa makini. Mwaka 2021 kampuni ya Philips iliita tena mamilioni ya mashine zake kwa sababu sifongo iliyo ndani ingeweza kuchakaa na vipande vyake kuvutwa na mgonjwa. Hizo za zamani bado zinaweza kukutwa zikiuzwa. Namba ya mashine ichunguzwe na mhudumu, na maski na paipu viwe vipya.

Asiyeweza kupata mashine sasa asikae bure. Kulala ubavu kunasaidia wengi wenye ugonjwa mdogo. Mpira wa matambara ukishonwa mgongoni mwa fulana, mtu akigeukia chali unamrudisha. Pombe iachwe. Uzito ukipungua, pumzi inafunguka: utafiti wa Wisconsin, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, uliona kwamba aliyepungua asilimia 10 ya uzito wake alitarajiwa kupunguza kukatika kwa pumzi kwa kama asilimia 26. Mwenye ugonjwa mkali bado anahitaji mashine hata akipungua, wala asiiache mpaka apimwe tena.

Mgonjwa akienda kufanyiwa upasuaji, amwambie daktari wa usingizi mapema na abebe mashine yake hospitalini, kwa sababu dawa za kulaza hulegeza koo. Na akienda kulala ugenini, kwa matanga au arusi, aibebe vilevile, pamoja na waya mrefu wa stima. Nyumba nyingi zina soketi moja tu, na huwa iko sebuleni.